Tambi za Nyuma ya Unyayo

Bi Ezzat aliamka na furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyomtia mwanawe Homayun hofu. Alimsikia jikoni akiimba kwa sauti ya chini, akigonganisha masufuria, akizisemesha dengu alizoziloweka tangu jana kana kwamba ni kuku wa kufugwa.

"Homayun! Umeamka au umekufa?"

"Nimeamka, mama."

"Basi kimbia kwa Akbar kabla hajamaliza. Tambi kilo mbili. Za kukatwa kwa mkono, usiniletee zile za mashine zinazofanana na waya. Mwambie ni za Mahrokh."

Ilikuwa siku ya tatu tangu mkamwana wake Mahrokh aende Sweden kwa dada yake, na siku ya tatu msafiri hupikiwa ashi ya nyuma ya unyayo: supu nzito ya mboga za majani, dengu, maharage na tambi ndefu. Msafiri mwenyewe hayupo kuila. Wanaoila ni waliobaki nyumbani, majirani na jamaa, na kila mmoja humwombea arudi salama.

Homayun alijua kwamba Mahrokh hatarudi. Mama yake hakujua. Mtu pekee aliyepewa kazi ya kumwambia alikuwa yeye.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne, mhariri katika taasisi ndogo mjini Yazd iliyokuwa ikitunga kamusi ya majina ya vyakula. Kazi yake ilikuwa kueleza neno lilitoka wapi, lilitumiwaje zamani na linatumiwaje sasa, na kufuta kila kitu ambacho hakikuwa na ushahidi. Mwezi huo mezani pake palikuwa na neno reshte, jina la tambi zilezile alizokuwa anatumwa kununua. Hakuona ajabu yoyote katika hilo. Maneno huja kwa mpangilio wa alfabeti, hayaji kwa sababu ya mtu.

Mahrokh alikuwa amemwambia mchana wa kuamkia safari, Bi Ezzat akiwa kwa jirani. Alikuwa anakunja sweta na kuzipanga sandukuni.

"Homayun, mimi nikienda sirudi."

"Tiketi ni ya kwenda na kurudi," alijibu.

"Ilikuwa rahisi kuliko ya kwenda tu. Nilimuuliza yule binti wa ofisi ya safari, akacheka. Akasema wengi wananunua hiyohiyo."

Alimuuliza sababu. Mahrokh alikunja sweta nyingine kwanza, akailaza, akaipapasa ilale sawa.

"Miaka kumi na tisa hujawahi kuniuliza swali ambalo hukuwa na jibu lake tayari. Hata hili unaloniuliza sasa, jibu unalo."

Alikuwa nalo. Hapakuwa na ugomvi wa kuusuluhisha wala mtu wa tatu wa kumlaumu. Palikuwa na sanduku lililo wazi kitandani na mwanamke aliyekwisha kupiga hesabu zake, na Homayun, aliyezoea kuheshimu hesabu zilizopigwa vizuri, hakuona pa kuzikosoa.

"Mama umemwambia?" aliuliza.

Hapo mikono ya Mahrokh ikasimama.

"Siwezi. Nikimtazama usoni sitaondoka. Na nikibaki nitakuwa nimebaki kwa ajili yake, si kwa ajili yako, na hilo si haki kwa mtu yeyote kati yetu. Mwambie wewe, nikishafika. Lakini Homayun, mwambie kabla hajaninunulia tambi. Asisimame jikoni na magoti yake yale akinipikia ashi ya kurudi, na mimi sirudi. Niahidi."

"Nitamwambia."

"Wewe ni mtu wa ukweli," alisema Mahrokh, na Homayun hakuweza kupambanua kama hiyo ilikuwa sifa au kejeli.

Siku ya kwanza alikuwa ameshaiandaa sentensi. Aliiandaa kama anavyoandaa maana ya neno, akiondoa kivumishi kimoja baada ya kingine mpaka ikabaki: Mahrokh hatarudi. Maneno mawili, hayahitaji mfano wala chanzo. Lakini jioni hiyo presha ya mama yake ilikuwa juu, naye akaona ni busara kungoja. Siku ya pili presha ilishuka, ila Bi Ezzat alishinda akichambua mboga na jirani yao Bi Ashraf, na haikuwa habari ya kusemwa mbele ya Bi Ashraf. Kila kisingizio kilikuwa cha kweli. Angeweza kukitetea mbele ya jopo lolote.

Dukani kwa Akbar unga ulikuwa umetanda hewani kama kawaida. Akbar alikuwa ameusukuma unga uliokandwa mezani, mpana kama shuka, ameukunja mara kadhaa na sasa anaukata kwa kisu kirefu bila kutazama, kichwa kimeelekea mlangoni.

"Za nadhiri au za safari?"

"Za safari. Kilo mbili."

"Nani kaondoka?"

"Mke wangu."

"Mungu amrudishe salama." Akbar aliinua fungu la tambi, akalikung'uta unga, zikaning'inia kutoka kwenye mkono wake mpaka kiunoni. "Nimekupa ndefu. Usizivunje kuziingiza sufuriani, sawa? Za nadhiri vunja utakavyo. Za safari ukizivunja, umekata njia ya mtu."

Homayun hakuwahi kuikuta imani hiyo katika chanzo chochote. Hata hivyo alizibeba kwa mikono miwili njia nzima, ameziinua mbele ya kifua kama mtu aliyebebeshwa mtoto asiye wake.

Uani alimkuta Bi Ashraf amekwishafika, pamoja na Zohre, bibi harusi wa nyumba ya tatu ambaye hata miezi sita mtaani hajatimiza. Sufuria kubwa ilikuwa juu ya jiko la gesi, dengu na maharage yakichemka, mvuke umebeba harufu ya manjano na giligilani. Bi Ezzat alisimama pembeni akikaanga vitunguu, mkono mmoja kwenye mwiko, wa pili umeshika ukuta kwa ajili ya magoti.

"Haya, Bwana Kamusi huyo," alisema Bi Ashraf. "Leo kabeba kitu kizito kuliko kalamu."

"Salaam, Bi Ashraf."

"Salaam gani na kola imekunjamana hivyo? Siku tatu tu bila mke. Mahrokh akikawia wiki mbili, huyu tutamkuta sokoni na pajama."

Zohre alificha kicheko kwa ncha ya mtandio wake. Bi Ezzat alicheka waziwazi.

"Mwache mwanangu, shoga. Mke akisafiri, mwanamume ndipo anajua pasi inakaa wapi."

"Mama," alisema Homayun, "njoo kidogo ndani. Nina neno."

"Neno lako lingoje."

"Haliwezi kungoja."

"Maneno yako hayaungui, mwanangu. Vitunguu vinaungua." Alikigeuza kitunguu, akakinusa. "Tia tambi kwanza. Halafu utaniambia maneno yote unayotaka, hata yale ya alfabeti."

Katika nyumba hiyo aliyeachwa ndiye hutia tambi. Bi Ezzat mwenyewe alizitia mumewe alipokwenda Makka, tena alipokwenda kutibiwa Isfahan, na mara zote mbili mumewe alirudi. Ndivyo alivyokuwa anamsimulia Zohre sasa, kwa fahari ya mtu mwenye takwimu, akimsukuma Homayun taratibu kwenye sufuria.

Homayun alisimama juu ya mvuke. Miwani ikapata ukungu, hakuona kitu. Angeweza kusema hapo hapo. Aliifungua midomo. Kisha akahisi kiganja cha mama yake mgongoni, kimekaa kama kilivyokuwa kikikaa alipokuwa mtoto akisoma kwa sauti mbele ya wageni, na akaziachia tambi. Ziliteremka polepole, ncha za mbele zikizama, za nyuma bado zimeshika vidole vyake.

"Sema: uzi huu umvute," alinong'ona Bi Ezzat.

Hakusema.

"Anaona haya," alisema Bi Ashraf. "Sema moyoni basi, Mungu si kiziwi."

Walikula barazani, kitambaa kimetandikwa juu ya zulia, mabakuli yamepangwa. Bi Ezzat hakukaa kula. Alikuwa na kazi aliyoipenda kuliko zote, kupamba: mistari myeupe ya kashki, ule mtindi mkali uliokaushwa na kukorogwa tena, juu yake nanaa ya kukaanga, juu yake vitunguu na saumu. Kila bakuli alilipamba kivyake, na alijua lipi litakwenda nyumba ipi.

Zohre aliinua tambi moja kwa uma, akaitazama.

"Bwana Homayun, wanasema unajua majina ya vitu vyote vya kula. Hii kwa nini ikaitwa reshte?"

"Ee, binti, umemfungulia mlango," alisema Bi Ashraf. "Tutatoka hapa wakati wa futari, na Ramadhani yenyewe bado miezi."

"Mwache aseme," alisema Bi Ezzat. "Mahrokh ndiye aliyekuwa akimkatiza. Leo hayupo."

Kila mara watu walipokusanyika mama yake alimtaka aeleze neno fulani, na kila mara Homayun alieleza, kwa sababu hapo tu mbele za watu ndipo alipojua la kufanya na mikono yake. Akaeleza. Reshte ni uzi, kitu kilichosokotwa. Kitenzi chake ni kilekile cha wanawake wa kusokota sufu. Watu walikitazama kile kilichokuwa kikiandaliwa kwa unga, kirefu, chembamba, wakakipa jina la kitu walichokuwa nacho mkononi tayari. Ndiyo maana huliwa mambo yanapoanza, mwanzo wa mwaka au mtu anapotoka nyumbani: huo ni uzi, na mwenye uzi ana cha kushika.

"Jina hilo likasafiri," aliendelea. "Miaka mia saba na zaidi iliyopita, vitabu vya mapishi vya Baghdad vina rishta. Dameski wana yao, wanaipika na dengu. Algeria wanaila na kuku. Mwarabu wa Algiers ukimwambia kwamba jina la chakula cha bibi yake ni la Kiajemi, atakushangaa."

"Kwa hiyo sisi ndio tulioanza," alisema Zohre.

"Kulipa jina, ndiyo. Kuanza kupika, hilo sina ushahidi nalo. Na hata reshte si jina la kwanza. Kabla yake, watu wetu waliziita tambi lakhsha."

"Lakhsha?" Bi Ashraf alilionja neno, akatikisa kichwa. "Sijapata kulisikia."

"Hakuna anayelisikia tena huku. Maana yake ni kitu kinachoteleza. Kuna kitabu cha Kiarabu cha karne ya kumi kinachosema kwamba mfalme mmoja wa kale alikuwa mawindoni, baridi ikawabana, mpishi wake akaibuni lakhsha ili wapate joto. Hicho ni kisa, mimi nakiandika kama kisa. Lakini neno lenyewe lilikuwepo, hilo halina shaka. Likakaa humu karne nyingi. Kisha likaondoka."

"Likaenda wapi?"

"Kaskazini. Waukraine wanalo, Wahungari wanalo, Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki wanalo. Kila watu wamelipinda kwa ulimi wao, lakini ni lenyewe. Wanakula supu yao ya tambi na kuliita kila siku. Huku kwetu watu walikuwa wameshika reshte, wala hawakutambua lini hilo lingine limetoka."

Bi Ezzat alikuwa anachora mstari wa kashki juu ya bakuli la mwisho.

"Na halikurudi?" aliuliza. Aliuliza kama angeuliza habari za binti wa mtu.

Homayun alikuwa akimtazama Zohre. Sasa akamtazama mama yake.

"Halikurudi, mama."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Huko lilikokwenda limepata watu wake." Angeishia hapo. Maelezo yalikuwa yametimia, na mhariri mzuri hujua mahali pa kutia nukta. Lakini sauti yake iliendelea bila yeye. "Lilipoondoka halikuwa na nia ya kurudi."

Bi Ezzat alikuwa amemsikiliza mwanawe akizungumza juu ya maneno kwa zaidi ya miaka thelathini. Aliwahi kumsikia akimkatiza shemeji yake mezani aliyesema kwamba neno fulani "limechoka". Maneno hayachoki, alisema siku hiyo, hayapendi wala hayakusudii, watu ndio hukusudia. Mama huyo hakusoma zaidi ya darasa la sita, lakini alijua mambo ambayo mwanawe hawezi kuyasema kwa bahati mbaya.

Kijiko kilisimama hewani. Kashki ikadondoka nje ya bakuli, tone moja, kisha jingine, kwenye kitambaa. Homayun aliyaona matone hayo vizuri kuliko alivyouona uso wa mama yake.

"Maskini neno," alisema Zohre, na kucheka kidogo.

Simu ikalia. Ilikuwa simu ya Homayun, imelala karibu na mkate, na juu yake picha ya Mahrokh.

"Huyo!" alisema Bi Ashraf. "Tambi hata tumboni hazijashuka, zimeshamvuta. Pokea, Bi Ezzat, pokea wewe, mumewe atamsomea kamusi."

Bi Ezzat aliweka kijiko chini, akajifuta mikono kwa aproni kidole kimoja kimoja, akaichukua. Uso wa Mahrokh ulijaa kiooni, nyuma yake dirisha na anga ya kijivu. Alikuwa amekaza uso, kwa namna ya mtu aliyejiandaa kulia na kuliliwa. Alipiga siku hiyo akiamini kwamba ameshasemewa. Alikuja kupokea alichostahili.

"Mama," alianza, "mama yangu, najua kwamba…"

Kisha akaiona baraza. Akaona kitambaa, mabakuli yenye mistari myeupe, Bi Ashraf akimpungia mkono na mdomo umejaa, na sufuria.

"Umepika," alisema.

"Nimepika."

Macho ya Mahrokh yalizunguka pembeni mwa kioo, yakimtafuta mtu. Homayun alikuwa ameketi mahali ambapo kamera haikumfikia. Hakusogea.

"Mikono yako ibarikiwe, mama," alisema Mahrokh mwishowe, kwa sauti iliyopungua. "Inaonekana tamu."

"Umevaa vizuri? Huko baridi."

"Nimevaa."

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Haya."

"Muulize anarudi lini," alisema Bi Ashraf. "Mwambie mumewe kakonda, mwambie mtaa mzima unamngoja. Lini, Mahrokh? Kabla ya komamanga kuiva?"

Ndilo swali la kwanza ambalo kila mtu humuuliza msafiri. Bi Ezzat hakuwa ameliuliza. Aliutazama uso ule kiooni, na mkono wake huru ukainuka kana kwamba utaugusa, ukaishia kurekebisha mtandio wake mwenyewe.

"Mtandao umekatika," alisema, akaigeuza simu kifudifudi juu ya kitambaa.

Homayun aliyekaa karibu naye aliisikia, ndogo, kando ya mkate, sauti ya mke wake bado ikiita: mama, mama. Bi Ezzat naye aliisikia. Aliweka kiganja juu ya simu mpaka ikanyamaza.

"Kuleni," aliwaambia wageni. "Tambi zikikaa zinavimba."

Wakala. Bi Ashraf alisimulia kisa kirefu cha mpwa wake aliyekwama uwanja wa ndege na mtungi wa achari, na Bi Ezzat alicheka mahali palipostahili kucheka. Walipoondoka kila mmoja alibeba trei ya mabakuli ya kuwagawia majirani wa upande wake, na mlangoni kila mmoja alisema Mungu amrudishe salama, na mara zote mbili Bi Ezzat alijibu amin. Alifunga mlango. Alirudi barazani akiushika ukuta, akaketi chini kwa shida, mkabala na mwanawe.

"Lini alikuambia?"

"Siku moja kabla hajaondoka."

"Kwa hiyo pale mlangoni ulijua."

"Nilijua."

"Nilipomwaga maji nyuma yake ili arudi salama, ulikuwa umesimama hapo na sanduku, unajua."

"Ndiyo, mama. Aliniomba nikuambie akishafika. Kabla ya tambi. Nimechelewa siku mbili, hilo ni kosa langu na silitetei."

"Sisemi siku mbili." Bi Ezzat alianza kukusanya makombo ya mkate kwa ukingo wa kiganja. "Unajua nilimwambia nini pale mlangoni?"

Hakukumbuka. Alikuwa akiangalia saa, dereva alikuwa akingoja.

"Nilimwambia aniletee soksi. Za sufu, za huko, wanasema ni nzuri. Nikamwambia namba ya mguu. Akaniuliza rangi gani, nikasema yoyote ila nyeusi. Halafu nikamwambia haya nenda, utachelewa." Makombo yalikuwa yamekuwa kilima kidogo. "Kumi na tisa, Homayun. Jiko moja. Baba yako alipokufa ni yeye aliyenilaza na kuniamsha. Na mimi nimemuaga kama mtu anayekwenda sokoni."

"Usingeweza kumzuia, mama."

"Nani kasema kumzuia?" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Ana miguu yake. Ningemshika tu. Mtu anayekwenda kabisa hushikwa kwa namna yake, hashikwi kama yule anayerudi. Wewe uliona ni habari. Ulikuwa unaangalia lini uniambie."

Homayun alitafuta mahali ambapo maneno hayo hayakuwa sahihi, kwa mazoea tu, na hakupaona. Alikuwa ameliweka jambo zima kama suala la nani anajua nini na tangu lini. Haikumjia kwamba mama yake alikuwa na kitu chake cha kutoa, na kwamba kitu hicho kilikuwa na mahali pake, mlangoni, na wakati wake, na kwamba sasa hakuna siku yoyote ambayo kingeweza kutolewa.

"Na yeye naye hakuniambia," alisema Bi Ezzat, chini chini. "Mlikuwa wawili."

"Alisema akikutazama usoni hataondoka."

Mama yake aliyasukuma makombo upande huu, akayarudisha upande ule.

"Basi alifanya vizuri," alisema, "kutonitazama."

Akanyoosha mkono, akachukua simu, akajiinua kwa kulishika bega la mwanawe bila kumtazama. Akaingia chumbani kwake akafunga mlango, jambo ambalo mchana hakuwa na kawaida ya kulifanya.

Homayun alibaki barazani. Alisikia simu ikiita, ikapokelewa. Baada ya hapo alisikia sauti tu, ya mama yake na ile nyembamba ya mbali, hakuna neno alilolipata. Wakati mmoja walikuwa wanazungumza pamoja. Wakati mwingine kukawa kimya muda mrefu akadhani wamemaliza, kisha sauti ya Bi Ezzat ikarudi, ya chini, ile aliyoitumia kwa watoto wenye homa. Mara moja, hakujua kwa nini, mama yake alicheka. Angeweza kusogea karibu na mlango. Hakusogea. Alikunja kitambaa, akakikunjua kwa sababu kilikuwa bado na makombo, akakikung'uta uani, akakikunja tena.

Jua lilikuwa limeondoka barazani Bi Ezzat alipotoka. Macho yalikuwa yamemvimba na mtandio ulikuwa umerudi mabegani. Alimpa mwanawe simu. Ilikuwa ya moto.

"Ameuliza kama umekula."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia hujala."

Alikuwa hajala, kweli. Bi Ezzat alifunua sufuria. Tambi zilikuwa zimekwisha kunywa supu yote, zimevimba, zimeshikana na mboga zikawa kitu kimoja kizito ambacho ilibidi akikate kwa kijiko. Alimwekea kwenye bakuli, bila kashki, bila nanaa, akalisukuma mbele yake.

"Mama, mimi…"

"Kula."

Alikwenda mpaka kwenye mlango wa chumba chake, akasimama, mkono kwenye mwimo.

"Hakuuliza kingine juu yako," alisema. "Nilingoja aulize."

Akaingia. Homayun alichukua kijiko akala, bila haraka, mpaka bakuli likaisha. Chumvi ilikuwa imekolea vizuri.